Baiskeli Zing'aazo Ramanini na Zilizo Gizani

*Safari zinazorekodiwa kwa simu zaweza kuisaidia Nairobi kuchora njia salama za baiskeli. Lakini walio wengi barabarani hawamo katika rekodi hizo, na mji usipowatafuta utawajengea wasiokuwa wao.*

Kabla jua halijachomoza juu ya Nairobi, penye makutano ya Dagoretti Corner, ambapo barabara ya Naivasha itokayo Uthiru na Kawangware huingia katika barabara ya Ngong, hupita kila siku ya kazi msafara usio na kiongozi wala bendera: mafundi wa mjengo, mabawabu watokao zamu ya usiku, wachukuzi wa mkate na maziwa, na vijana waliofunga vyombo vyao vya kazi kwa mipira nyuma ya kiti, wote wakiendesha zile baiskeli nzito za chuma ambazo Wakenya huziita Black Mamba.

Siku ya Jumamosi, mahali hapo hapo, hupita msafara wa namna nyingine. Hawa wamevaa kofia ngumu na mavazi ya kubana, wanaelekea Karen na milima ya Ngong, na katika usukani wa kila mmoja wao, au katika mfuko wa mgongoni, kimo chombo kinachoandika mahali alipofika, mwendo aliokwenda na mlima alioupanda.

Misafara yote miwili hukanyaga lami ile ile, hukutana na matatu zile zile, na hukabiliwa na hatari ile ile. Lakini ni mmoja tu ambao huacha alama katika ramani. Na kwa kuwa miji mingi duniani imekwisha anza kuitaka ramani ya namna hiyo ushauri inapoamua mahali pa kujenga njia za baiskeli, ni wajibu wa wakazi wa Nairobi kuuliza mapema, kabla fedha hazijatolewa na saruji haijamwagwa, ramani hiyo inamwona nani na inamsahau nani.

Jinsi ramani inavyofumwa

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Simu ya mkononi, au saa maalumu, au kijikompyuta kilichofungwa usukanini, hupokea ishara za setilaiti na kuandika kila baada ya sekunde chache nukta moja ya mahali alipo mwendeshaji. Nukta hizo zikiungwa huwa mstari, na mistari ya watu wengi ikilazwa mmoja juu ya mwingine huwa ramani ya joto, yaani ramani ambayo barabara ipitwayo na wengi hung'aa na ile ipitwayo na wachache hufifia.

Programu iliyo mashuhuri zaidi katika kazi hii ni Strava, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2009. Novemba 2017 ilitoa toleo la ramani ya dunia nzima lililojengwa kwa safari na mazoezi yapatayo bilioni 1. Tangu mwaka 2014 ilikuwa ikiziuzia serikali data zilizojumlishwa, na miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo ni idara ya uchukuzi ya jimbo la Oregon, Marekani; kisha mwaka 2020 ikatangaza kwamba miji na mashirika yanayopanga njia za baiskeli na za miguu yatapewa data hizo bila malipo.

Kwa mwendeshaji mmoja mmoja faida yake ni bayana. Mtu atokaye Kileleshwa kwenda Kikuyu, asiyeijua njia, hufungua ramani akaona wapi wenzake walipita na wapi walipaepuka. Programu humchorea njia ifuatayo barabara zilizopendwa na wengi, ikampa habari ya urefu wa safari na ukali wa kila mpando. Ujuzi ambao zamani haukupatikana ila kwa kuongozana na mzoefu, leo umo mkononi mwa mgeni wa juzi.

Mji wa migongo na mabonde

Ujuzi huo si mdogo, kwa maana ardhi ya Nairobi si sahili kwa mpanda baiskeli. Kitovu cha mji kiko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na kadiri mtu anavyokwenda magharibi ndivyo anavyopanda, hata akifika kilele cha milima ya Ngong atakuwa katika mita 2,460 hivi. Kutoka nyanda hizo za juu hushuka mito inayoelekea mashariki, Nairobi, Ngong, Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, na kila mto umechonga bonde lake.

Kwa sababu hiyo barabara kuu za vitongoji vya magharibi, kama vile Ngong, Gitanga na Waiyaki Way, hufuata migongo ya ardhi kutoka mashariki hadi magharibi, na zile zinazokatiza kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni chache, nazo hutumbukia bondeni kisha zikapanda kwa ukali. Mpanda baiskeli asiyezijua hizo chache hulazimika kurudi nyuma hadi karibu na mji ili apate pa kuvukia, au hujitupa katika msongamano wa magari ambao angaliweza kuuepuka.

Walioyajua mambo haya walifundishana kwa kuonyeshana. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na ambaye baadaye alishinda mashindano ya Tour de France mara 4, alijifunza katika ujana wake kwa kufuatana na mwendeshaji mzoefu, David Kinjah, katika vilima vya Kikuyu, wakati ambapo simu zilikuwa bado hazijajua kuchora njia ya mtu yeyote. Elimu ya jinsi hiyo ilikuwa ya thamani, lakini ilimfikia aliyebahatika kuwa na mwalimu; ramani ya pamoja imeifanya kuwa mali ya kila mwenye simu.

Hoja za wanaoiunga mkono

Wanaotaka data hizi zitumike katika mipango ya mji wana hoja nzito, nayo yastahili kusikilizwa kwa makini.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikakusudia kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa ajili ya watembeao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Azma ilikuwa njema. Baadhi ya matunda yake, au ya juhudi zilizofanana nayo, yaonekana: katika kitovu cha mji, idara ya huduma za jiji, NMS, iliyoundwa Machi 2020 ilitengeneza upya njia za wapita kwa miguu na za baiskeli, Kenyatta Avenue ikiwa miongoni mwake, na barabara ya Ngong, ilipopanuliwa kwa msaada wa Japani, iliwekewa njia ya baiskeli kando yake.

Walakini njia hizo ni vipande vipande. Mwendeshaji huenda kwa amani mita mia kadhaa, kisha njia ikakatika ghafula penye kituo cha matatu, au ikazibwa na pikipiki za bodaboda zilizoegeshwa, au ikageuka kuwa soko la wachuuzi ambao nao hawakupewa mahali pengine pa kutafutia riziki. Naye hapo hana budi kuteremka, au kuingia kati ya magari.

Hapo ndipo data za safari zinapoonyesha ubora wake. Mhandisi akiitazama mistari iliyorekodiwa ataona mahali ambapo waendeshaji huiacha njia waliyojengewa na kuingia katika barabara ya magari. Ataona makutano ambapo mwendo hushuka na watu wakasimama muda mrefu. Ataona kichochoro ambacho hakimo katika mpango wowote wa serikali na ilhali watu wamekifanya njia. Kuweka wahesabuji kando ya barabara ni ghali, na aghalabu hesabu yao ni ya siku chache. Ramani hupokea habari kila siku, mvua na kiangazi.

*Njia za baiskeli za Nairobi ni vipande vipande: huanza vizuri na kukatika pale mwendeshaji anapozihitaji zaidi.*

Tena wanasema, na katika hili wana haki, kwamba asiyehesabiwa hukosa fungu. Barabara ya Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu baiskeli kupita juu yake, na huku chini nguzo zake zilichukua nafasi ambayo ingaliweza kuwa ya miguu na magurudumu mawili. Ikumbukwe kwamba Novemba 2020, wakati wa ujenzi wake, mti mkongwe wa mugumo uliokuwa ung'olewe kando ya Waiyaki Way ulinusurika kwa amri ya Rais baada ya wananchi kulalamika. Barabara iliyoweza kuukwepa mti kwa sababu watu walisema, ingaliweza pia kuwakumbuka wapanda baiskeli lau wangalikuwa na hesabu ya kuonyesha.

Walio gizani

Upande wa pili una hoja ambayo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo kiini cha jambo lote. Ramani ya joto haihesabu waendesha baiskeli, huhesabu wanaojirekodi. Na ili mtu ajirekodi hana budi awe na simu yenye uwezo, na chaji ya kutosha, na fedha za bando, na zaidi ya yote awe na sababu ya kutaka safari yake ikumbukwe.

Afanyaye mazoezi ana sababu: anataka kujua kama leo amekuwa hodari kuliko juzi. Fundi wa mjengo atokaye Kawangware kwenda Upper Hill, au kibarua atokaye Kangemi kwenda Industrial Area, hana haja hiyo. Anaendesha baiskeli kwa kuwa nauli ya matatu, ambayo hupanda mvua inyeshapo na magari yanapopungua, ingemla sehemu kubwa ya ujira wake. Naye akifika salama, safari imekwisha faa na haidai kumbukumbu.

Matokeo yake ni kwamba barabara ya burudani yaweza kung'aa kwa safari za wachache waliorudia tena na tena, na barabara ya riziki ikabaki gizani pamoja na mamia yao. Tuseme kwa mfano tu kwamba katika barabara moja ya Karen kila waendeshaji 2 mmoja hujirekodi, na katika barabara ya Naivasha ni mmoja katika 100. Ramani ikionyesha alama 50 Karen na alama 5 Naivasha, msomaji mwenye haraka ataamini kwamba Karen ina waendeshaji mara 10 zaidi, ambapo kwa kweli Karen inao 100 na Naivasha inao 500.

*Afanyaye mazoezi anataka safari yake ikumbukwe. Aendaye kazini anataka kufika tu.*

Dhuluma hiyo huweza kujizaa yenyewe. Penye mwanga hujengwa njia. Palipojengwa njia huja waendeshaji wapya wenye vyombo vya kurekodi. Na mwanga huzidi, hata mpangaji akadhani kwamba amethibitishwa. Kule gizani, ambako njia haikujengwa, watu wanaendelea kugongwa, na katika nchi ambayo kwa miaka ya karibuni imepoteza barabarani zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, kundi kubwa zaidi miongoni mwao likiwa la watembeao kwa miguu, kosa la namna hiyo hulipwa kwa roho.

Kuna giza jingine pia. Zipo barabara mbaya kiasi kwamba hata jasiri hazipiti, na hizo nazo huonekana ramanini kana kwamba hazitakikani. Ukimya wa barabara si ithibati kwamba hakuna mwenye haja nayo; mara nyingi ni ithibati ya hofu. Na katika kitovu cha mji, ambapo majumba marefu huzirudisha nyuma ishara za setilaiti, mstari wa safari huweza kuruka kutoka Kenyatta Avenue hadi mtaa wa jirani, ukaipa barabara moja sifa ya nyingine.

Kadhi anayesikiliza mashahidi wa upande mmoja tu, ijapokuwa kila shahidi amesema kweli, hawezi kutoa hukumu ya haki. Ndivyo ilivyo ramani hii: haisemi uongo, lakini imesikia upande mmoja.

Siri ya safari

Lipo kundi la tatu, ambalo halishughulishwi na nani amesahauliwa bali na nani ameonekana kupita kiasi. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, aliitazama ramani ya joto ya Strava akatambua kwamba katika nchi zenye vita ilikuwa inamulika kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakirekodi mbio zao za asubuhi. Kampuni ilibadilisha taratibu zake mwaka huo huo, na barabara zenye waendeshaji wachache mno zikaondolewa katika ramani.

Raia wa kawaida naye ana cha kulinda. Rekodi ya safari huanzia mlangoni kwake na kuishia kazini kwake, na ikirudiwa kila siku humwambia mgeni saa anayotoka na njia anayopita. Magazeti yamewahi kuripoti mara kadhaa jinsi waendesha baiskeli wanavyoviziwa na kuporwa kando ya barabara ya Southern Bypass. Mwanamke aendeshaye peke yake alfajiri ana haki ya kuuliza ni nani mwingine anayeisoma ramani anayoisaidia kuichora.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka mtu aridhie, kwa kujua, jinsi habari zake zitakavyotumiwa, au pawe na msingi mwingine wa kisheria. Safari ya mtu ikikusanywa ili mji ujengwe vyema, ni amana. Ikitumiwa kwa lingine asilolijua, ni hiana.

Nairobi imekwisha kufanya

Baina ya hoja hizi tatu hakuna haja ya kuchagua moja na kuzitupa mbili, kwa kuwa mji huu wenyewe unao mfano wa kufuata, na hautoki ng'ambo.

Kwa miaka mingi matatu za Nairobi zilibeba watu bila ramani yoyote iliyoandikwa. Njia zake zilikuwa vichwani mwa madereva, makanga na abiria. Ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na vyuo vikuu vya Columbia na MIT vya Marekani na kampuni ya Groupshot, walipoanzisha mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakazirekodi njia na vituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130, iliyo wazi kwa kila mtu kuitumia.

Funzo kubwa la kazi hiyo si chombo kilichotumika, kwani kilikuwa simu tu. Ni uamuzi wa kuwaendea watu. Waliofanya mradi huo hawakungoja abiria wajirekodi. Walipanda gari, wakakaa na abiria, wakaenda mpaka mwisho wa njia. Kabla yao, mwaka 2009, vijana wa Kibera walikuwa wamekwisha chora mtaa wao wenyewe katika mradi wa Map Kibera, mahali ambapo ramani nyingi zilionyesha patupu.

*Waliochora ramani ya matatu hawakungoja abiria wajirekodi. Walipanda gari, wakaenda mpaka mwisho wa njia.*

Baiskeli zastahili juhudi kama hiyo. Kaunti, pamoja na mamlaka za barabara KURA na KeNHA, na kwa msaada wa vyuo vikuu, yaweza kuweka wahesabuji asubuhi na jioni katika milango mikuu ya magharibi: Kangemi, Uthiru, Kawangware, Adams Arcade, Museum Hill. Hesabu hiyo ikilinganishwa na alama za ramani katika barabara ile ile, itajulikana ni waendeshaji wangapi walio nyuma ya kila alama moja, na kipimo hicho kitatofautiana baina ya barabara na barabara, kama ipasavyo. Tangu hapo ramani haitakuwa tena ya wenye simu pekee. Itakuwa imesahihishwa kwa ushahidi wa macho.

Kisha wapo wale wa kufuatwa kwa hiari yao. Fundi akiombwa kwa heshima, akaelezwa madhumuni, akapewa kijichombo cha kurekodi kwa juma moja na fidia ya usumbufu wake, atatoa habari ambayo hakuna mwanamichezo awezaye kuitoa: anapita wapi akiwa amebeba ngazi, anajificha wapi mvua ikinyesha, ni katika makutano gani hushuka na kuvuka kwa miguu. Mwanzo na mwisho wa kila safari ufutwe kabla rekodi haijahifadhiwa, jina lisiandikwe, na data zilizojumlishwa zitolewe wazi ili mwananchi aweze kuikagua hoja ya mhandisi.

Nani alipie, nani afaidi

Watasema wengine kwamba haya yote yagharimu, na kwamba ramani ya bure ipo tayari. Ni kweli ipo, na isitupwe. Walioirekodi kwa jasho lao, hao wa Jumamosi wa Karen na Ngong, wametoa hisani kwa mji, nao pia hugongwa, nao pia wanahitaji njia isiyokatika. Wala si haki kuwafanya adui wa fundi wa Kawangware; njia moja iliyojengwa vyema hadi mwisho wake huwachukua wote wawili, huyu kwenda kazini na yule kwenda mlimani.

Lakini bure ya ramani hiyo ni ya mwanzo tu. Kilomita moja ya njia ikijengwa mahali pasipostahili itakula fedha nyingi kuliko hesabu ya mwaka mzima, na itakaa hapo miaka ishirini ikishuhudia kosa. Kuhesabu kwanza ndiyo nafuu, na ndiyo insafu.

Kwa hiyo Kaunti isidaiwe njia za baiskeli tu, bali idaiwe pia ithibati: kila mara kifungu cha usafiri usiotumia injini kisomwapo katika bajeti, iulizwe waziwazi imewahesabu akina nani, wapi na lini, na ni kwa vipi imewafikia wasio na cha kujirekodia. Mradi usiokuwa na jibu urudishwe. Ahadi ya asilimia 20 iliyoandikwa mwaka 2015 haikuandikwa kwa ajili ya wanaong'aa ramanini peke yao. Iliandikwa kwa ajili ya wote watembeao na waendeshao katika mji huu, na wengi wao bado hawajaulizwa wanapita wapi.